Jumapili Tuliyomwombea Zaituni

Gunia la mkonge likilowa maji hutoa harufu ambayo sijawahi kuisimulia nikaridhika. Kuna udongo ndani yake, kuna majani makavu, na kuna kitu kama mbwa aliyenyeshewa. Mwezi uliopita mvua ilinikuta sokoni Kitui, nikajibanza kwenye kibanda cha muuza magunia, na harufu hiyo ikanishika nikasahau hata nilichokwenda kununua. Nilikuwa nimetoka shuleni kwa binti yangu. Mwalimu wao alikuwa ametuita sisi wazazi akatuomba tuwasimulie watoto kisa cha mchezo wa kuigiza ambao wangepelekwa kuutazama, ili wasiende kukaa pale kichwa kitupu. Nilikuwa nimeitikia vizuri mbele za watu, lakini moyoni sikujua nianzie wapi. Sasa nimesimama pale chini ya bati, mvua inapiga, mwenye kibanda ananiuliza, "Mama, unachukua mangapi?" nami niko darasa la sita, mbele ya pazia la magunia.

Pazia lile alilitundika Mwalimu Kimanzi. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mrefu, mwembamba, koti moja mwaka mzima, na alikuwa na kidonda moyoni kuhusu michezo ya kuigiza. Mwaka uliotangulia alikuwa amewapeleka darasa la sita Kitui kutazama mchezo, na mfalme alipokufa jukwaani, watoto wa shule yetu wakacheka. Walicheka kwa sababu maiti alikuwa anapumua. Kisha mwana wa mfalme akalia, mwanamume mzima mwenye ndevu, wakacheka zaidi, maana kwetu hawakuwa wamemwona mwanamume mwenye ndevu akilia. Shule nyingine zote zikageuka kuwatazama. Mwalimu Kimanzi alituambia siku hiyo alitamani ardhi ipasuke imfiche. Basi aliposikia kwamba waigizaji wanakuja tena, na safari hii na tamthilia ya zamani, ile ambayo hata wazazi wetu waliisoma shuleni, aliapa kwamba hatutatia mguu katika ukumbi ule kabla hatujawafahamu wahusika kama tunavyowafahamu majirani.

"Msiwaite wahusika," alisema. "Waiteni watu. Mtu akishakuwa mtu kwako, huwezi kumcheka mahali pa kulia."

Tamthilia yenyewe ilikuwa na sehemu tano. Kila Ijumaa mchana alitusimulia moja, akitoka na kuingia nyuma ya magunia yake, akibadilisha sauti, akiwa mzee, akiwa chifu, akiwa mwanamke, na sisi tumebanana kwenye madawati huku joto la bati linatuchoma utosi. Kisa hakikuwa kigumu. Kuna mwanamke anaitwa Zaituni. Mwaka wa njaa unaingia, mifugo inakwisha, naye anamwacha binti yake mdogo kwa kikongwe jirani, anaenda nchi ya mbali inakosemekana kuna chakula. Anasema atarudi mvua ikinyesha. Mvua inanyesha, inanyesha tena mwaka wa pili na wa tatu, na harudi. Hapo ndipo sehemu ya nne inapoishia. Ya tano Mwalimu Kimanzi alikataa katakata kutusimulia. Alisema hiyo tutaiona kwa macho yetu.

Niwaambie mapema, maana sipendi kuzungushana. Mimi nililelewa na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Mama yangu, Kanini, aliondoka nikiwa na miaka minne kwenda Mtito Andei kupika katika hoteli ya madereva wa malori. Mwaka wa kwanza alituma viatu na salamu. Baadaye zikaja salamu bila viatu. Kisha hakikuja kitu. Susu alikuwa na simu ndogo aliyoifunga kwa mpira ili betri isianguke, na kila Jumapili mchana alinipa nimpigie mama, na kila Jumapili sauti ya mwanamke fulani, si mama, ilituambia nambari hiyo haipatikani. Susu aliirudisha simu kwenye kopo lake akaniambia, "Mtandao ni mbaya." Miaka minne mtandao ulikuwa mbaya.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na kilima kizima kile tulikuwa sisi wawili tu. Susu hakuwa mkali, lakini maneno yake yalikuwa ya kazi: leta maji, funga mbuzi, anua ndengu mvua inakuja. Nilizoea kuzungumza na kuku. Msinicheke, kuku anasikiliza vizuri sana, anainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayetaka kujua zaidi. Jina la mama halikutajwa nyumbani. Lilitajwa kanisani tu, nje, baada ya ibada, wakati wanawake wanasalimiana. "Kanini hajambo?" waliuliza. "Hajambo, anawasalimu sana," Susu alijibu, bila kupepesa macho. Nami nilisimama kando yake nimeshika Biblia yake, nikijua kwamba hakuna mtu aliyetusalimu.

Basi Ijumaa ya nne Mwalimu Kimanzi akaleta kiti. Aliweka kiti mbele ya pazia akakiita kiti moto. Mtoto mmoja anakikalia, anakuwa mtu wa kwenye tamthilia, na darasa linamuuliza maswali, naye lazima ajibu kama yule mtu. Wa kwanza alikuwa Mutua, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, akawa chifu. Kila alichoulizwa alijibu, "Ni njaa," darasa likafurahi, hata mwalimu akatabasamu. Kisha akatazama huku na huku akasema, "Syombua, wewe ni Zaituni."

Mpaka leo sijui kama alifikiri kabla ya kunitaja. Nilienda nikakaa. Mutua, ambaye bado alikuwa na joto la uchifu, akainua mkono wa kwanza. "Zaituni, kwa nini ulimwacha mtoto wako?"

Nilijua jibu la kitabuni, njaa, lakini halikutoka. Mutua akaongeza swali ambalo halikuwa kwenye tamthilia wala kwenye kichwa cha mwalimu. "Na kwa nini hutumi hata salamu?"

Watoto wa kijiji wanajua mambo ya kila boma, hata yale ambayo wakubwa wanadhani yamefichwa, na nikaona jinsi walivyoanza kutazama madawati yao mmoja mmoja. Mutua mwenyewe alikuwa ameshaelewa alichosema, na masikio yalikuwa yamemshuka. Mwalimu Kimanzi akaja akanigusa bega. "Zaituni atajibu Ijumaa ijayo," akasema. "Mpeni muda. Na wewe, Syombua, mtafutie jibu. Huyu mama anataka nini? Ukijua hilo, umeijua tamthilia yote."

Kwa hiyo nilikwenda nyumbani na kazi ya nyumbani ambayo haikuandikwa daftarini. Jioni, Susu akichochea moto, nilimuuliza, "Susu, mtu anaweza kumwacha mtoto wake kwa nini?" Akasema kuni hizo ni mbichi, nilizitoa wapi. Nikauliza tena. Akaniambia nile nikalale. Nikamuuliza kuku siku ya Jumamosi, naye akanitazama kwa upande.

Jumapili ikafika. Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, kuna kipindi cha mahitaji ya maombi. Mtu yeyote anainuka anasema haja yake: mume mgonjwa, mtoto wa mtihani, mvua. Watoto pia waliruhusiwa, ingawa tulikuwa tukiombea meno tu na mitihani. Nilikuwa nimelala nikiwaza jambo hili. Kumtaja mama yangu sikuweza, maana ningemfanya Susu mwongo mbele ya kanisa zima. Lakini Zaituni hakuwa wa kwetu. Na mwalimu alikuwa ametuambia waziwazi kwamba huyo ni mtu. Nikapiga moyo konde, nikainuka.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema. Wakaitikia. "Naomba tumwombee mama mmoja anaitwa Zaituni. Alienda mbali kutafuta chakula, akaacha mtoto wake kwa mwanamke mzee. Alisema atarudi, na hajarudi. Tuombe arudi. Na tuombe aseme kwa nini."

Nikakaa. Mnajua kwetu tunavyoomba, wote kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake, mpaka mabati yanatetemeka. Siku hiyo waliomba kuliko siku ya mvua. Wanawake walilia. Mzee mmoja alimkemea shetani wa barabara kuu kwa jina lake. Mwingine, aliyekuwa ameshtushwa na jina la Zaituni, aliomba huyo mama aokoke kwanza ndipo arudi. Na mimi, nimefumba macho, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi kwa muda mrefu. Nilihisi kwamba kuna watu wengi sana upande wangu, na hakuna hata mmoja anayejua.

Yangeishia hapo ningekuwa nimefaulu. Lakini kanisa letu lilikuwa na akina mama wenye utaratibu wao. Mtu akiombewa Jumapili, Jumamosi anatembelewa. Wanaenda na unga, sukari, mafuta, majani ya chai, hata kuni za kupikia wanabeba vichwani, na mwenye boma haruhusiwi kugusa chochote. Anakaa. Wageni ndio wanaowasha moto wake, wanapika chai katika sufuria yake, wanamwandalia. Na kiongozi wa ziara hizo, miaka yote, alikuwa Susu.

Mama Mutua, aliyekuwa msaidizi wake, akainuka. "Pasta, huyu mtoto aliyeachwa, yuko boma gani? Tungependa Jumamosi twende tumwone." Pasta akanigeukia kwa upole. "Syombua, hebu tuambie. Ni kwa nani?"

Nikainuka tena. Kanisa zima limenitazama. Mutua kwenye benchi la wavulana alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, maana yeye alijua Zaituni ni nani, na alikuwa anakufa kwa hofu au kwa kicheko. Nilikuwa nimewaliza watu wazima, nimelifanya kanisa limwombee mtu asiyekuwapo. Nilijua nitachapwa, hilo halikunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba wangeuliza kwa nini, na nisingeweza kusema kwa nini bila kumtaja Kanini.

Ndipo Susu akainuka. Alikuwa anaketi mbele, upande wa akina mama, na aliinuka polepole akashika benchi.

"Pasta, huyo mtoto ni wa kwangu," akasema. "Ni huyu huyu Syombua. Na huyo mama ni Kanini. Jina amelificha kwa sababu ya aibu yangu, si yake. Nimekuwa nikiwaambia anawasalimu. Hajatusalimu huu mwaka wa nne. Sijui kama anaishi."

Akakaa. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyesema Amina. Nilisikia njiwa juu ya bati.

Tukirudi nyumbani, Susu alitangulia kama kawaida na mimi nyuma, nikitazama visigino vyake vilivyopasuka. Tulipovuka korongo akauliza bila kugeuka, "Hilo jina la Zaituni ulilitoa wapi?"

"Ni la mchezo, Susu. Mchezo tutakaoenda kuutazama Kitui."

Akasimama. "Mchezo?"

"Ndiyo, Susu. Mwalimu alisema tumtafutie jibu."

Nilingoja kofi. Susu alitazama njia, akatazama mti, akanitazama mimi. "Na mimi nimeshasema," akasema, kama mtu aliyeangusha yai na sasa anatazama tu lilipoangukia. Kisha akaendelea kutembea. Hakunichapa siku hiyo wala siku nyingine kwa jambo hilo, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Jumamosi walikuja, kumi na wawili, kwa wimbo, na mizigo vichwani. Walimketisha Susu kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni. Alijaribu kuinuka kuonyesha sukari inakaa wapi, Mama Mutua akamwambia, "Tulia, mama. Leo ni zamu yako." Niliiona mikono yake. Ilikuwa juu ya mapaja yake ikitafuta kazi, kidole kimoja kikikwangua kingine. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa amewaketisha wenzake. Walimpikia chai akainywa yote, akashukuru, na walipoondoka alikaa pale pale mpaka vikombe vikapoa. Nilitaka kumwambia kitu, lakini sikuwa na maneno ya aina hiyo. Katika nyumba yetu hayakuwa yametumika. Nilienda nikafunga mbuzi.

Siku moja kabla ya ziara hiyo nilikuwa nimekalia kiti moto tena. Mutua hakuinua mkono. Aliuliza msichana mwingine, kwa sauti ndogo, kwa nini nilimwacha mtoto. Nikajibu, "Sijui. Nilifikiri nitarudi haraka." Mwalimu Kimanzi akasema hilo ni jibu, akatuambia tukae nalo mpaka siku ya kwenda.

Siku ikaja. Tulivaa sweta ingawa jua lilikuwa kali, maana shule nyingine zingetuona. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya plastiki, watoto mia kadhaa, na pazia lao lilikuwa jekundu, la kitambaa kizuri, na halikunukia chochote. Zaituni alipotokea nilishangaa kwamba alikuwa mfupi. Lakini sauti yake ilipotoka, nilimjua. Sote tulimjua. Shule nyingine zilikuwa zinanong'ona, zinaulizana huyu ni nani, yule ni nani, na sisi tumekaa kimya kama wenyeji. Mwalimu Kimanzi hakutazama jukwaa hata mara moja. Alikuwa ameketi kando akitutazama sisi.

Sehemu ya tano ilikuwa fupi. Miaka imepita, binti ni mwanamke mzima, kikongwe amelala ndani. Mwanamke mmoja msafiri, mchafu wa vumbi, anakuja mlangoni anaomba maji. Binti anampa. Hamjui. Lakini yeye anamjua binti. Anakunywa polepole, anamtazama yule msichana kwa juu ya kikombe, anamwona alivyokua bila yeye, anafungua mdomo kusema, halafu anasema tu asante. Anarudisha kikombe, anaondoka. Taa zikazimika.

Hakuna mtoto wa shule yetu aliyecheka. Mutua alikuwa anajipangusa macho, akaniambia ni vumbi, na ukumbi ule ulikuwa umepigwa deki. Ndani ya basi Mwalimu Kimanzi alikaa mbele akipangusa miwani yake kila mara. Wenzangu walibishana njia nzima, wengine wakimlaumu Zaituni, wengine binti. Mimi niliegemea dirisha. Nilikuwa nimemwombea mtu arudi, amerudi, na imekuwa kama hakurudi. Nilihisi upweke wa ajabu, mkubwa kuliko ule wa kilimani, kwa sababu ule wa kilimani ulikuwa na matumaini ndani yake.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Susu alikuwa amesimama nje, penye ua wa minyaa. Hakuwa na desturi ya kuningoja. Alinipokea mkoba, jambo ambalo pia hakuwa na desturi nalo, akatembea hatua mbili, akasimama.

"Yule mama," akasema. "Alirudi?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, sijawahi kuuona vile, kabla ya hapo wala baadaye. Nilikuwa na kikombe cha maji kichwani mwangu, na mgongo wa mwanamke anayeondoka.

"Alirudi, Susu."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Alirudi mpaka mlangoni."

"Asante Yesu," akasema, taratibu sana, na mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mtungi. Kisha akapangusa uso kwa leso, akaniambia niingie nile, chakula kinapoa.

Mama yangu hakurudi. Susu alikufa nikiwa kidato cha tatu, na hatukuwahi kuzungumza tena habari za Zaituni. Kwa muda mrefu nilidhani jioni ile nilikuwa nimemdanganya bibi mzee ili asihuzunike kwa hadithi ya watu. Nilijiona mtu mwema kidogo. Ilinibidi nijifungue mtoto wangu mwenyewe, nimbebe, nimpeleke shule siku ya kwanza na nimwachie mwalimu langoni, ndipo katikati ya barabara nikaelewa. Kanini alikuwa mama yangu, ndiyo. Lakini alikuwa mtoto wa Susu. Nilikuwa nimehesabu walioachwa nikapata mmoja.

Miaka yote ile, katika nyumba ile ya vyumba viwili, nililala nimeelekea ukutani nikimngoja mama yangu, nikiamini kwamba duniani hakuna anayengoja kama mimi. Na upande wa pili wa ukuta huo huo alilala mama anayemngoja mtoto wake. Ulikuwa ukuta wa udongo, mwembamba, kikohozi kinapita. Hatukuwahi hata siku moja kugongeana.